Mkono wa Kushoto wa Fundi wa Chuma

Mtu apitaye mbele ya karakana ya fundi wa kuchomelea chuma huvutwa na moto. Huuona mwali wa buluu ukivuma mkononi mwa fundi, huziona cheche zikiruka, naye huenda zake akiamini kwamba kazi yote hufanywa na moto ule, na kwamba fundi hodari ni yule mwenye moto mkali kuliko wenziwe. Ni mara chache mpita njia kuutazama mkono wa pili wa fundi, yaani mkono wa kushoto, ulioshika waya nyembamba isiyo na fahari yo yote. Lakini mafundi wenyewe wajua kwamba moto hununuliwa pamoja na mtungi, nao humtii kila mtu ajuaye kuufungua. Lililo gumu ni kuufundisha mkono wa moto na mkono wa waya kusikilizana. Hapo ndipo yanapoamuliwa maisha ya chombo cha mkulima, ama kidumu miaka mingi ama kimvunjikie njiani.

Kwanza yafaa kutenga kazi mbili ambazo mara nyingi huitwa kwa jina moja. Fundi alehemuye kopo huyeyusha mchanganyiko wa bati na risasi, nao hushika juu ya kopo kama gundi ishikavyo karatasi. Kopo lenyewe haliyeyuki. Kuchomelea ni jambo jingine. Hapa kingo za vyuma vyote viwili huyeyuka na kuchanganyika katika kidimbwi kimoja, na waya huongezwa humo ili kuziba pengo lililokuwapo. Kikiisha kupoa, hakuna tena chuma cha upande huu na chuma cha upande ule, bali kipande kimoja. Kama kingo hazikuyeyuka, basi hapakuchomelewa kitu, hata kama juu panaonekana pamejaa na kung'aa.

Moto wa kazi hii huzaliwa na gesi mbili, oksijeni na asetilini. Asetilini hupatikana kwa kutia maji katika mawe ya kijivu yaitwayo kabaidi. Wazee wengi waliifahamu gesi hiyo kabla hawajaona chuma kikichomelewa, kwa kuwa taa za zamani za kabaidi ziliwaka kwayo. Na jina la karabai, ambalo baadaye lilipewa taa za mafuta zipigwazo pampu, latokana na mawe hayo. Mwaka 1895 mtaalamu wa Ufaransa, Henri Le Chatelier, alieleza kwamba asetilini ikiwaka pamoja na oksijeni hutoa moto mkali kuliko ule wa oksijeni na haidrojeni. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20, Wafaransa wawili, Edmond Fouché na Charles Picard, walitengeneza bomba la kuuongoza moto huo kwa mkono.

Joto la moto huo hufika digrii 3,100 hivi za sentigredi, na chuma cha kawaida huyeyuka kwa digrii 1,500 hivi. Kwa hiyo fundi anao moto maradufu ya ule anaouhitaji. Taabu yake si kuupata moto wa kutosha. Taabu yake ni kuuzuia usile zaidi ya haki yake.

Somo la kwanza basi ni kuuweka moto sawa. Fundi hufungua asetilini peke yake kidogo, akaiwasha. Hutoka moto wa manjano wenye masizi meusi yaeleayo hewani. Huiongeza mpaka moshi ukome, ndipo aifunguapo oksijeni polepole. Umanjano hutoweka, na mdomoni mwa bomba hutokea moto wa sehemu tatu: koni ndogo nyeupe yenye kung'aa, unyoya mweupe uliofifia mbele ya koni, na mwali mrefu wa buluu uliozifunika zote mbili. Kadiri oksijeni inavyozidi, ndivyo unyoya unavyofupika. Unapoingia katika koni na kupotea, koni ikabaki na ncha ya mviringo, fundi huacha hapo hapo. Huo ndio moto wa kati, ambao gesi zote mbili hutoka bombani kwa vipimo vilivyo karibu sawa.

Akizidisha oksijeni, koni huchongoka, moto hupiga mluzi, na chuma huungua kwa cheche nyingi; kiungo hujaa vishimo na hakina nguvu. Akipunguza oksijeni, kaboni ya asetilini huingia katika chuma kilichoyeyuka, kikachemka, na kikiisha kupoa huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kigae. Ule mwali mrefu wa buluu nao haukai bure. Huitumia oksijeni ya hewa iliyo karibu ili umalize kuwaka, na kwa hiyo hukikinga kidimbwi cha chuma kisiguswe na hewa ya nje.

Baada ya moto huja mikono. Fundi atumiaye mkono wa kulia hushika bomba la moto kwa mkono huo na waya kwa mkono wa kushoto. Kwa vyuma vyembamba, visivyozidi unene wa milimita 5 hivi, huanza upande wa kulia na kuelekea kushoto, waya ikitangulia na moto ukiifuata. Bomba huliinamisha kwa digrii 60 au 70, na waya huilaza kwa digrii 30 au 40. Ncha ya ile koni nyeupe huikaribisha chumani lakini haigusi. Huacha nafasi ya milimita 2 au 3. Akiigusisha, bomba hulipuka kwa kishindo kidogo na kurusha chuma cha moto. Akiinua mno, joto hutawanyika, na kingo hupata wekundu bila kuyeyuka.

Hapo fundi hungoja, na kungoja huku ndiko kunakomshinda mwanafunzi. Chuma huwa chekundu, kisha cha rangi ya chungwa, kisha hulainika na kumeta, na mwishowe kidimbwi kidogo hutokea kwenye kingo zote mbili. Maadamu kidimbwi hakijatokea, waya haina ruhusa ya kushuka. Kikiisha kutokea, mkono wa kushoto huchovya ncha ya waya katikati yake, ukaitoa kidogo, ukaichovya tena, na mkono wa kulia husogeza moto mbele kwa hatua ndogo zilizo sawa. Basi alama za kila mchovyo hubaki nyuma zimelaliana kama magamba ya samaki.

Watu hudhani kwamba waya ni ya kujaza tu. Kujaza ndiko kazi yake ya kwanza, lakini ziko nyingine mbili zisizoonekana. Ya pili ni kupoza. Waya ni baridi kuliko kidimbwi. Kila ichovywapo hunywa joto, na kidimbwi kilichotaka kupanuka na kutoboa chuma hurudi katika kiasi chake. Ya tatu ni kupima mwendo. Mkono wa kulia peke yake, kwa kuwa una nguvu, hutaka kukimbia au kulala mahali pamoja. Lakini mkono wa kushoto unapochovya na kutoa kwa mapigo yaliyo sawa, mkono wa kulia hulazimika kufuata mapigo hayo. Waswahili husema mkono mmoja haulei mwana. Wala mkono mmoja hauungi chuma.

Waya yenyewe ina adabu zake. Kwa njia hii ya kwenda kushoto, mafundi huchukua nusu ya unene wa chuma wakaongeza milimita 1. Bati la milimita 3 hupewa waya ya milimita 2 na nusu. Waya nyembamba mno huyeyuka kabla ya wakati, na nene mno hukiua kidimbwi kwa baridi. Waya za chuma hupakwa shaba kidogo ili zisishike kutu. Ncha yake, hata inapotolewa katika kidimbwi, haifai kutoka nje ya mwali wa buluu. Ikitoka hali ingali nyekundu, hewa huivika magamba meusi, na mchovyo ufuatao huyapeleka magamba hayo ndani ya kiungo. Mwisho wa pili wa waya fundi hupinda kama ndoana, ili usimchome jicho mtu aliyesimama karibu. Tena waya ikiisha na kubaki kipande kifupi, hakitupwi. Huunganishwa na waya mpya, kazi ikaendelea.

Kosa kubwa la mwanafunzi, na la fundi aliyeacha kujali, ni kuyeyusha waya kwa moto badala ya kuiyeyusha kwa kidimbwi. Huielekeza koni kwenye waya, nayo huanguka matone matone juu ya chuma kisicho tayari. Matone hayo hukaa juu kama nta iliyodondoka mezani. Kwa macho ni kiungo kinene chenye kupendeza, na kikipakwa rangi hukipita kizuri kwa sura. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na kiungo cha namna hiyo hutembezwa sana.

Mkulima mmoja, mwenye mkokoteni wa punda wa kuchukulia maji na maziwa, alimfikia fundi mzee mmoja jioni ya kuamkia soko. Bomba la chuma la kuvutia mkokoteni lilikuwa limechomelewa mwezi uliotangulia na kijana mwingine kwa bei nafuu, na sasa ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umetokea kando ya kiungo.

“Mzee, nipakie kidogo juu yake tu,” alisema. “Kesho alfajiri nina mzigo wa soko, na fedha yako hii hapa.”

“Ndugu yangu, nikupakie juu ya nini?” akauliza fundi.

Mkulima hakuelewa. Fundi alilibana bomba katika jiliwa, akachukua nyundo, akapiga mara moja, akapiga mara ya pili. Bomba likavunjika pale pale penye kiungo. Akalishika, akamgeuzia mwenyewe aone. Kwenye ukingo wa nje palikuwa na utepe mwembamba wa chuma cha kijivu chenye kumeta kama chembe za sukari. Hapo palikuwa pameungana kweli. Sehemu iliyobaki yote ilikuwa nyeusi kwa magamba na kutu, na mistari ya msumeno uliolikata bomba siku ya kwanza ilikuwa bado yaonekana.

“Msumeno umepita hapa,” alisema fundi, “na moto haukupita.”

Mkulima alitazama kwa muda mrefu. “Mwanangu ndiye aendeshaye mkokoteni huu,” alisema polepole. “Kila siku hushuka nao ule mlima wa mtoni, ana madebe ya maji nyuma yake.”

Fundi hakujibu neno. Alichukua tupa, akaanza kuzila kingo za bomba mpaka zikapata mteremko, ili zikikutanishwa zifanye mfereji ambao moto ungeweza kufika chini yake. Kisha akamwambia mkulima arudi kesho saa sita mchana. Mkulima alikosa soko la siku hiyo, na maziwa yake yakachukuliwa na jirani kwa malipo. Wako watakaosema kwamba alipata hasara. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Na iko mikokoteni mingi ambayo wenye nayo hawakuusoma ufa kwa wakati.

Asubuhi iliyofuata fundi alimwita mwanafunzi wake ashike kazi, naye akasimama nyuma ya bega lake. Kingo zilisuguliwa kwa brashi ya waya mpaka zikang'aa, kisha vipande vikashikizwa kwa nukta tatu kulizunguka bomba, kwa sababu chuma kikipata moto hujivuta, na kisiposhikizwa huenda upande. “Usiitazame waya, mwanangu,” mzee alimwambia. “Tazama kidimbwi, chenyewe kitaiita waya.” Kijana alichovya mapema mara moja, na waya ikanata juu ya chuma kilichokuwa bado hakijayeyuka. Mzee hakumkemea, alimwonyesha aupeleke moto pale pale mpaka waya ikaachia na kidimbwi kikatokea. Toka hapo mikono ya kijana ilianza kupata mapigo yake, naye akalizunguka bomba mpaka mwisho.

Chuma kinene kina njia yake, na hapo mikono hubadilishana desturi. Kikizidi milimita 5, fundi huanza kushoto na kwenda kulia. Moto hutangulia lakini huelekezwa nyuma, kwenye kiungo kilichokwisha kufanywa, na waya huufuata. Bomba la moto huenda moja kwa moja bila kuyumba, na waya ndiyo izungukayo katika duara ndogo ndani ya kidimbwi. Mbele ya kidimbwi fundi huacha tundu dogo lenye umbo la tundu la ufunguo. Maadamu tundu lile lipo na lasogea pamoja naye, ajua kwamba moto umefika upande wa chini. Kwa kuwa moto huendelea kukipasha kiungo kilichofanywa, nacho hupoa polepole, huwa na nguvu zaidi.

Kazi hii ina hatari ambazo hata mwenye kuleta chombo yampasa azijue. Oksijeni na mafuta ni maadui. Mtu hapaki grisi kwenye mtungi wala kwenye vifungio vyake, kwa kuwa mafuta huweza kuwaka yenyewe mbele ya oksijeni yenye nguvu. Vifungio vya asetilini vimekatwa meno ya kwenda kushoto, na vya oksijeni ya kwenda kulia, ili mipira ya gesi mbili isibadilishwe hata gizani. Mtungi wa asetilini husimamishwa wima, kwa sababu ndani yake gesi imeyeyushwa katika asetoni iliyonyweshwa kitu chenye matundu kama sifongo. Pasipo hiyo, asetilini ikibanwa kwa nguvu huweza kulipuka bila moto wala hewa. Gustaf Dalén wa Sweden, aliyefanya kazi kubwa ya kuihifadhi gesi hiyo kwa usalama na kuitumia katika minara ya kuongoza meli, alipofushwa na mlipuko wa asetilini mwaka 1912 alipokuwa akifanya majaribio. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, naye aliendelea kufanya kazi akiwa kipofu mpaka alipofariki mwaka 1937.

Lakini iko hatari ambayo huletwa na mteja mwenyewe, nayo ni pipa. Pipa lililowahi kuwa na petroli au mafuta mengine, hata likionekana kavu, huhifadhi mvuke ndani yake, na moto wa kuchomelea ukiligusa huweza kupasuka na kuua. Mwenye pipa anayemficha fundi kilichokuwamo, ili asitozwe gharama ya kulisafisha, anacheza na roho ya mtu. Fundi mwenye akili huuliza kwanza, akaliosha vizuri, akalijaza maji karibu na mahali pa kazi na kuacha njia ya hewa, ndipo awashapo. Asipopata jibu la kweli, hulirudisha.

Siku hizi katika karakana nyingi za jua kali umeme umechukua sehemu kubwa ya kazi ya gesi, kwa kuwa ni wa haraka na hauhitaji mitungi. Hata hivyo gesi haijaondoka. Huhitajiwa kwa bati jembamba la magari, kwa mabomba ya moshi, kwa kuunga shaba, na mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Tena mafundi wengi husema kwamba aliyejifunza kwanza kwa gesi huwa na jicho zuri hata ashikapo umeme, kwa sababu gesi ni ya polepole. Humpa mtu nafasi ya kukiona kidimbwi kikizaliwa, kikikua, na kikipoa.

Mwenye kupeleka chombo kwa fundi hahitaji kujua haya yote, lakini yako machache yatakayomfaa. Kabla chombo hakijapakwa rangi, na aombe kukitazama. Magamba ya kiungo na yawe sawa kwa upana. Kando yake pasiwe na mfereji ulioliwa na moto, wala chuma kilicholala juu bila kushika. Inapowezekana aguse upande wa chini, aone kama moto ulifika huko. Akimkuta fundi anangoja, moto uko chumani na waya imeinuliwa kando, asimharakishe wala asidhani kwamba amelala. Anangoja chuma kikubali, na dakika hiyo ni sehemu ya kazi aliyolipiwa.